Kuhamisha jetiski nzito kutoka kwenye trela hadi kwenye stendi mkiwa wawili tu

Swali: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo Kigamboni, nahudumia jetiski za hoteli mbili za ufukweni. Tangu hoteli moja ilete jetiski za Yamaha FX zenye injini ya lita 1.8, kazi imekuwa ngumu. Kila nikitaka kuitoa jetiski kwenye trela na kuiweka kwenye stendi yangu ya magurudumu, yenye kimo cha sentimita 80, inabidi niite vijana sita. Wiki iliyopita mmoja aliteleza, chombo kikaangukia kona ya nyuma, bamba la chini likapinda na kijana mwingine akabanwa kidole. Sakafu yangu ni ya zege, paa ni la mabati juu ya kenchi za mbao, na sina winchi ya juu. Je, mimi na msaidizi wangu tunaweza kuifanya kazi hii wenyewe?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwanza mpe pole huyo kijana, na kama kidole hakijapigwa picha hospitali, mpeleke. Kidole kilichobanwa na chombo cha uzito huo kinaweza kuwa na ufa kwenye mfupa hata kama bado kinakunjika.

Ndiyo, mnaweza. Tena mkiwa wawili mtakuwa salama kuliko mlipokuwa wanane, ila itabidi uachane kabisa na wazo la kubeba. Jetiski ya aina hiyo haibebwi. Inahamishwa kutoka egemeo moja kwenda egemeo jingine huku uzito wake ukiwa umelala juu ya kitu muda wote, na mikono yenu ikifanya kazi ya kuvuta na kuelekeza tu. Mambo mengine yote nitakayokueleza yanatokana na hilo.

Tupige hesabu kidogo ili umweleze na mwenye hoteli. Yamaha FX tupu ina kati ya kilo 360 na 390, kutegemea mwaka na aina. Tangi lake linachukua lita 70, na lita ya petroli ina uzito wa takriban gramu 740, kwa hiyo tangi likijaa limeongeza kilo 50 na ushei. Weka nanga, kamba, makoti ya kuokolea na maji yaliyobaki ndani, unakaribia kilo 450. Gawanya kwa vijana sita: kilo 75 kila mmoja, na hapo tunadhani wote wanabeba sawa, jambo ambalo halitokei. Injini, tangi na pampu ya kusukumia chombo zimekaa katikati na nyuma, kwa hiyo walioshika nyuma wanabeba zaidi. Mwongozo wa afya kazini wa Uingereza unaweka kilo 25 kuwa kiasi cha mwanaume kubeba bila wasiwasi, na hapo mzigo uwe karibu na mwili, usawa wa kiuno, na una mahali pazuri pa kushika. Jetiski haina hata kimoja kati ya hivyo. Imebinuka, imelowa, na mtu anaishika mikono ikiwa mbali na kifua.

Mazoea ya kubeba tumeyarithi kutoka kwenye vyombo vidogo. Sea-Doo Spark ya watu wawili haifiki kilo 200, na Yamaha SuperJet ya kusimama iko kwenye kilo 170. Watu wanne wenye nguvu wanaiweza, ndiyo maana kila ufukwe una vijana wanaoamini kwamba jetiski hubebwa. Mashine zimekua, mazoea yamebaki palepale.

Sasa tuje kwenye stendi yako, kwa sababu naona nusu ya tatizo lipo pale. Kimo cha sentimita 80 ni kikubwa mno. Mbao za kulalia za trela lako, zile zenye zulia, nadhani ziko kwenye sentimita 45 hadi 55 kutoka ardhini. Maana yake kila safari mnaipandisha jetiski sentimita 30 kwa mikono, na siku ya kurudisha mnaishusha tena. Halafu fikiria kazi yenyewe. FX ina kimo cha zaidi ya mita 1.2 kutoka chini hadi juu. Ukiipandisha kwenye stendi ya sentimita 80, sehemu yake ya juu kabisa inakuwa kama mita mbili kutoka sakafuni, na wewe kazi zako nyingi ni za kuingilia chini ya kiti: plagi, mafuta, chujio, betri, hozi. Unafanya kazi juu ya ngazi bila sababu. Kimo hicho kinafaa tu ukiwa unashughulikia tumbo la chombo au pampu, na kwa hayo kuna njia nyingine nitakayoitaja.

Kwa hiyo ikate stendi, au tengeneza mpya. Siku trela likija likiwa na jetiski juu yake na limefungwa kwenye gari, chukua futi ya kupimia, upime vitu vitatu: kimo cha mbao za kulalia pale mwisho wa nyuma, umbali kati ya mbao ya kushoto na ya kulia, na mlalo wake, kwa sababu mara nyingi mbao zimeinamishwa kidogo kuelekea katikati zifuate umbo la chombo. Stendi iwe na vipimo hivyo hivyo, isipokuwa kimo kipungue sentimita moja. Ukifanya hivyo, chombo kikitoka kwenye trela kinakuta njia ileile inaendelea, na uzito unabaki pale pale ambapo kiwanda kilikusudia chombo kilalie.

Kwa fremu, bomba la mraba la inchi 2 lenye unene wa milimita 3 linatosha, likiwa na mihimili ya mshazari pembeni ili lisiyumbe mbele na nyuma. Mbao za 2 kwa 4, zilizosimamishwa kwa upana wake, upande wa juu umefunikwa zulia. Misumari ya zulia igongwe chini au pembeni, kamwe isigongwe juu, maana zulia likichakaa msumari unachora mstari kwenye rangi ya chombo tangu mwanzo hadi mwisho. Ncha za mbao zinazokutana na trela ziviringe kwa randa kabla ya kuzifunika. Urefu wa stendi usipungue mita 2.5, na upana wa magurudumu kwa magurudumu usipungue sentimita 90, la sivyo siku moja itapinduka ubavu ukiikunja kona.

Magurudumu ni mahali watu wanapobana pesa, na hapo nakuomba usibane. Usigawanye uzito kwa nne. Sakafu ya zege haiko sawa kabisa, na stendi ya chuma haipindi, kwa hiyo kuna wakati magurudumu mawili tu yanabeba karibu kila kitu. Nunua manne ambayo kila moja limeandikwa kilo 250 au zaidi, yenye kipenyo cha sentimita 15 kwenda juu. Gurudumu dogo likikutana na kokoto linasimama ghafla, lakini mzigo wa kilo 450 hausimami nalo. Angalau mawili yawe na breki.

Kabla ya kuhamisha, punguza uzito. Mwambie mwenye hoteli alete chombo kikiwa na robo tangi, usianze wewe kunyonya petroli kwa mdomo ndani ya karakana. Toa kila kilichomo kwenye masanduku. Kisha shughulikia maji ya ngama, yaani yaliyotuama chini kabisa ndani ya chombo. Wahenga walisema tezi (nyuma ya chombo) na omo (mbele yake), marejeo ni ngamani, na maji yaliyoingia jetiski nayo hukusanyika pale chini, mahali usipoyaona. Ndoo mbili za maji ni kilo 40. Chombo kikiwa bado kwenye trela, inua kichwa cha trela ili omo liwe juu, fungua vizibo viwili vya nyuma, uache maji yaishe yenyewe. Inua na kiti, upepo upite. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini ndani ya chombo, na wewe unataka utoke kabla ya kuanza kugonga vyuma. Funga vizibo tena mara tu maji yanapoisha. Kizibo kilichosahaulika kimezamisha jetiski nyingi kuliko mawimbi.

Kama utaosha njia ya maji ya injini kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na baada ya kutoka baharini ni lazima uoshe, fanya hivyo kabla ya kuhamisha. Washa injini kwanza ndipo ufungue maji. Ukimaliza funga maji kwanza, piga resi fupi mara mbili au tatu kwa sekunde chache kusukuma maji yaliyo kwenye ekzosi, ndipo uzime. Utaratibu huu una faida ya pili: chombo kitakachoinamishwa kisiwe na maji kwenye ekzosi. Nitarudi hapo.

Haya, siku yenyewe. Trela libaki limefungwa kwenye gari, gari liwe kwenye gia na breki ya mkono imevutwa, na kabari ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu ya trela. Hili la kubaki limefungwa silisemi kwa mapambo. Trela la jetiski ni jepesi na ekseli yake iko karibu na katikati. Chombo kikivutwa nyuma na uzito ukavuka ekseli, trela lisilofungwa linanyanyua kichwa ghafla na mkia unashuka. Hapo jetiski inateleza yenyewe, na aliyesimama nyuma ndiye anayeipokea. Kati ya hatari zote za kazi hii, ninayoiogopa kuliko zote ni hiyo. Kama gari halipo, kichwa cha trela kifungwe chini kwenye kitu kisichong'oka, na hata hivyo weka stendi mbili za jeki chini ya fremu, nyuma kabisa, kushoto na kulia. Mimi naziweka hata gari likiwepo, maana springi za trela hucheza uzito unaposogea, na stendi za jeki zinazuia mkia usizame.

Sogeza stendi yako nyuma ya trela mpaka mbao ziguse mbao. Angalia kwa jicho, kisha kwa uzi, kwamba ziko kwenye mstari mmoja. Funga breki za magurudumu, halafu usiziamini. Funga stendi na trela pamoja kwa mikanda miwili ya racheti, mmoja kila upande, fremu kwa fremu, ikaze mpaka viwe kama kitu kimoja. Bila mikanda hiyo, tezi likianza kulalia stendi, msuguano unaisukuma stendi nyuma, pengo linafunguka, na chombo kinadumbukia katikati.

Vua mikanda ya safari, lakini mkanda wa winchi ya trela uache kwenye pete ya omo. Huo ndio breki yako. Sasa lowesha mazulia yote, ya trela na ya stendi, kwa maji yenye sabuni ya vyombo. Zulia kavu linashika chombo kiasi kwamba watu wawili wanaweza kuumia mgongo bila kukisogeza. Likilowa kwa sabuni, kinakubali. Usitumie mafuta wala dawa ya kupuliza ya silikoni. Silikoni hubaki kwenye zulia, na safari ijayo, dereva akishafungua mkanda wa mbele kwenye mteremko wa kushushia, jetiski inaondoka kabla hajafika majini. Sabuni unaisuuza kwa ndoo moja ya maji na imekwisha.

Cha kuvutia ni winchi ndogo ya mkono, ile ya waya na mpini inayovuta tani moja, inapatikana kwa wauza vifaa vya magari. Ifunge kwenye mhimili wa mwisho wa stendi, chini. Kutoka kwenye ndoano yake piga kamba yenye miguu miwili hadi kwenye pete mbili za tezi. Pete hizo zimewekwa kwa kufungia na kuvuta kwa mlalo, kwa hiyo hapa zinafanya kazi yake halali. Tazama jinsi nguvu zinavyokwenda: winchi iliyofungwa kwenye stendi inaivuta jetiski kuja kwenye stendi, na wakati huohuo inaivuta stendi kwenda kwenye trela. Kadiri unavyovuta ndivyo viwili hivyo vinavyobanana. Ukisukuma kwa mabega kutoka mbele unapata kinyume chake, stendi inataka kukimbia. Kwa hiyo hata kama una vijana kumi wenye nguvu, vuta kwa winchi.

Wewe kaa kwenye winchi ya kuvuta, pembeni, usisimame kwenye mstari wa waya. Msaidizi wako akae kwenye winchi ya trela akilegeza kidogo kidogo, alegeze kiasi cha kiganja, asubiri, alegeze tena. Asiondoe kizuizi cha meno na kuachia mpini uzunguke wenyewe, maana mpini wa winchi ukikimbia unavunja mkono. Anayetoa amri awe mmoja tu. Vuta sentimita kumi, simama, angalia kushoto na kulia. Chombo kikianza kwenda mshazari, kirekebishe mapema kwa kufupisha mguu mmoja wa kamba. Kikishalala mshazari juu ya pengo, kukinyoosha ni kazi kubwa.

Muda wote mikono isiingie kati ya chombo na mbao. Kama kuna kitu cha kusawazisha pale, tumia kipande cha ubao.

Vuta mpaka tezi lichomoze nje ya mbao za stendi kiasi cha shubiri moja au mbili, ili upate nafasi ya kufanyia pampu. Usizidishe. Nyuma ndiko kwenye uzito, na chombo kikikaa wiki nzima nyuma yake ikining'inia, sehemu ile ya chini inaweza kuanza kupinda, na jetiski yenye chini iliyopinda inadundadunda kwenye maji. Hakikisha pia kwamba mbao hazilali juu ya wavu wa kuingizia maji wala bamba la chini la nyuma. Vitu hivyo vimeshikwa kwa skrubu tu, na wewe umeshaona jinsi bamba linavyopinda. Kabla hujalirudisha majini, weka rula juu ya bamba lile lililoangukiwa. Mkunjo mdogo tu pale unabadilisha jinsi chombo kinavyotembea, na skrubu zake zikiwa zimelegea maji yanaanza kupita mahali pasipostahili.

Jetiski ikishatulia, ifunge kwenye stendi kwa mkanda wa mbele na wa nyuma, ndipo ufungue winchi ya trela, na mwisho kabisa ile mikanda ya racheti. Mpangilio huo usiugeuze. Kisha trela livutwe mbele na gari polepole, na stendi isukumwe kwa kushika ncha zake, mbele au nyuma. Kuisukuma ubavuni ni kuitafutia kupinduka.

Kurudisha ni rahisi zaidi kwa sababu winchi ya trela imetengenezwa kwa kazi hiyo, na omo limepinda juu kwa hiyo linapanda vizuri. Lakini kuna jambo moja linalowashangaza wengi: trela tupu liko juu kuliko trela lililobeba, kwa sababu springi zimenyooka. Mbao zilizokuwa sawa wakati wa kushusha sasa zinapishana sentimita mbili au tatu, na chombo kinakutana na ngazi. Usilazimishe kwa winchi. Jetiski ikiwa juu ya stendi, stendi ni nzito, basi itumie: pitisha mikanda ya racheti kutoka fremu ya trela kwenda chini ya fremu ya stendi, uvute mkia wa trela ushuke mpaka mbao zake ziwe chini kidogo kuliko za stendi. Gari, kabari, sabuni, na utaratibu wote wa mwanzo unarudi, isipokuwa safari hii winchi ya trela ndiyo inayovuta na ile ya mkono ndiyo breki.

Niliahidi kurudi kwenye kazi za chini. Ukitaka kuona tumbo au kutoa pampu, usiipandishe jetiski nzima. Inua ncha moja, mbele au nyuma. Ncha moja ni takriban nusu ya uzito, na jeki ya gereji ya magurudumu inaumudu bila shida, ikiwa juu yake kuna ubao mpana wenye zulia unaosambaza mzigo chini ya chombo, kwenye mstari uleule wa mbao za kulalia. Inua sentimita kumi, weka gogo la mraba, shusha kidogo lilalie gogo, ndipo uendelee. Usiingie chini ya kitu kinachoshikiliwa na jeki peke yake. Mafuta ya jeki yakivuja hayapigi hodi. Na unapoinua tezi, usiinue sana. Nyuma kuna sanduku la ekzosi lenye maji, na tezi likiwa juu mno maji hayo hurudi mbele kuelekea injini. Ndiyo sababu nilisema upige resi kuyatoa kwanza. Kukilaza chombo ubavu, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi juu ya tairi kuukuu, kuna masharti hayohayo: nyuma ya chombo kuna stika inayoonyesha upande wa kukigeuzia, na kukigeuza upande mwingine kunaweza kuingiza maji kwenye injini. Pamoja na betri, petroli na mafuta ya injini vilivyomo ndani, mimi silazi jetiski ya injini ya namna hiyo karakanani kama kuna njia nyingine.

Kuhusu winchi ya juu: usiifunge kwenye kenchi zako. Zilipigwa zibebe mabati na upepo. Tawi la mwembe, ambalo gereji nyingi hutumia kutolea injini, nalo silikubali kwa chombo kizima. Huwezi kuona kilichooza ndani ya tawi. Ukipata pesa baadaye, chomelea goli la chuma lenye miguu minne, weka winchi ya mnyororo ya tani moja, na mikanda miwili mipana ya kunyanyulia. Mikanda hiyo ina rangi zinazokubalika kimataifa: zambarau tani moja, kijani tani mbili, manjano tani tatu. Ya zambarau miwili inatosha. Mmoja upite nyuma ya pale omo linapoanza kupinda, mwingine mbele ya wavu wa maji, na iunganishwe kwa kamba pembeni ili wa mbele usiteleze kwenda mbele. Juu weka bomba la kutanua mikanda, isibane ubavu wa chombo. Angalia na pembe: mkanda ukilala hadi nyuzi 30 kutoka mlalo, kila mguu wake unabeba mara mbili ya ambavyo ungebeba ukiwa wima. Usining'inize jetiski kwa pete za omo na tezi isipokuwa kitabu cha chombo chako kimeruhusu kwa maandishi. Nyanyua sentimita tano, tazama, shusha, sahihisha, ndipo unyanyue tena. Kisha trela litoke na stendi iingie, bila mtu kupita chini.

Winchi ya kukunjwa ya kutolea injini itakushawishi kwa bei. Soma maandishi kwenye mkono wake. Ile inayoitwa ya tani mbili mara nyingi inabeba tani mbili mkono ukiwa umefupishwa, na nusu tani tu ukiwa umerefushwa wote. FX ina upana wa karibu mita 1.27, kwa hiyo kufikia katikati yake kutoka ubavuni unalazimika kuurefusha. Itumie kuinulia ncha moja, hapo ni kifaa kizuri sana.

Na kuna njia ambayo wewe wa Kigamboni unayo na mwenzako wa Dodoma hana, nayo ni bahari. Hoteli zako bila shaka zina toroli la ufukweni, lile la matairi manene ya upepo. Maji yakijaa, jetiski ikielea, mtu mmoja anaweza kuisukuma kwa mkono iingie juu ya toroli lililozamishwa, kisha toroli likavutwa nchi kavu na trekta au gari. Kama karakana yako iko karibu na ufukwe, chombo kinaweza kufika kwako juu ya toroli bila kugusa trela hata kidogo, na toroli lenye kimo sawa na stendi linafanya kazi ya trela kwenye utaratibu wote nilioueleza. Angalia tu siku. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, yanajaa vizuri lakini yanakimbia upesi, na ukichelewa toroli linabaki kwenye matope na mzigo juu yake. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, una muda mrefu zaidi wa kufanya kazi taratibu. Toroli nalo lisuuzwe kwa maji baridi kila safari, hasa beringi zake, kama unavyosuuza chombo chenyewe.

Ukishapima mbao za trela, niandikie vipimo vile vitatu pamoja na picha ya stendi uliyonayo kutoka ubavuni. Huenda hakuna haja ya kujenga mpya. Ikiwa miguu ni ya bomba zima, ni kukata sentimita 30 na kuchomelea magurudumu upya, na nitakuonyesha pa kuweka mihimili ya mshazari.